Lincoln hakuujua ukoo wake: jinsi hati za ardhi na ndoa zilivyomtafutia wazee wake

Desemba 20, 1859, Abraham Lincoln, wakili wa mjini Springfield katika jimbo la Illinois, aliandika kwa mkono wake muhtasari wa maisha yake na kumpelekea rafiki yake Jesse Fell. Uchaguzi wa rais ulikuwa unakaribia, na watu wa majimbo ya mashariki walitaka kumjua mtu huyu anayetajwatajwa, ni nani na ametoka wapi. Ilipofika zamu ya kueleza ukoo wake, Lincoln alikwama mapema. Alijua kwamba babu yake mzaa baba, somo yake Abraham Lincoln, alihama kutoka kaunti ya Rockingham huko Virginia kwenda Kentucky kati ya mwaka 1781 na 1782, na kwamba mwaka mmoja au miwili baadaye aliuawa na Wamarekani wa asili alipokuwa akifyeka msitu afungue shamba. Alijua pia kwamba kabla ya Virginia wazee wake walikuwa Berks, Pennsylvania. Kutoka hapo njia ilikatika. Jitihada za kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England, aliandika, hazikuzaa chochote ila kufanana kwa majina kama Enoch, Levi, Mordecai na Solomon.

Aliapishwa kuwa rais Machi 1861, akauawa Aprili 1865, na hakupata kuthibitisha zaidi ya hayo. Leo mwanafunzi yeyote anaweza kuutaja ukoo huo kizazi kwa kizazi hadi karne ya 17 katika kijiji kimoja cha Uingereza. Kilichobadilika ni kwamba watu wenye subira waliingia katika masjala za mahakama, ofisi za ardhi na makanisa, wakazisoma karatasi ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi. Kwa yeyote anayetaka kumtafuta mzee wake aliyeishi nyakati za makazi ya kwanza ya Marekani, kisa cha Lincoln kinaonyesha kazi yenyewe inavyofanyika, na kinaonyesha pia ni kina nani wanaoachwa nje ya karatasi hizo.

Alichokijua mjukuu

Lincoln mwenyewe alijaribu. Mwaka 1848, alipokuwa mbunge mjini Washington, alipokea barua kutoka kwa Solomon Lincoln wa mji wa Hingham, Massachusetts, mtu aliyekuwa ameandika historia ya mji huo na aliyetaka kujua kama mbunge huyu ni jamaa yake. Lincoln alimjibu Machi 6. Alimtajia baba yake Thomas na babu yake Abraham, kisha akaeleza kwa nini habari zake ni chache: baba yake aliachwa yatima akiwa na miaka sita, katika ufukara na katika nchi mpya, akakua bila elimu.

Bungeni alikutana na James McDowell, aliyewahi kuwa gavana wa Virginia, ambaye alimwambia kwamba Rockingham bado anaishi mtu anayeitwa David Lincoln. Machi 24 akamwandikia David kumuuliza kuhusu babu yake, na Aprili 2 akamwandikia tena baada ya kupata jibu. Alikuwa amewapata jamaa wa babu yake waliobaki Virginia, lakini hakuwapata waliotangulia.

Kilichohifadhiwa vizuri zaidi nyumbani kilikuwa kisa cha kifo cha babu. Mwaka 1854 Lincoln alimwandikia jamaa mwingine, Jesse Lincoln, kwamba kati ya visa vyote vya ukoo hicho ndicho kilichomkaa zaidi moyoni. Babu alikuwa shambani na wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas. Risasi ikatoka msituni, mzee akaanguka. Josiah alikimbilia ngome ya jirani kuomba msaada. Mordecai, mkubwa wao, alikimbia hadi nyumbani akachukua bunduki. Thomas, mdogo kuliko wote, alibaki karibu na maiti ya baba yake, na mshambuliaji mmoja alipomkaribia, Mordecai akampiga risasi. Thomas huyo ndiye baba wa rais, na kisa hiki mwanawe alikisikia kwake.

Hii ndiyo mali ya kwanza ya mtafutaji wa ukoo: kauli ya wazee. Ilimpa Lincoln majina ya watu wanne, mahali walipotoka, mahali walipofikia na tukio lenyewe. Penye upungufu palikuwa kwenye mwaka.

Ardhi inavyoacha alama

Watu wa Kentucky ya wakati ule walihamahama, wengi hawakujua kuandika, makaburi yao hayakuwa na mawe, na makanisa yalikuwa machache. Sensa ya kwanza ya Marekani ilifanyika mwaka 1790, na orodha za Kentucky za mwaka huo na za 1800 zimepotea. Mtafutaji anayetegemea sensa pekee atarudi mikono mitupu. Lakini watu hao walikuwa na njaa ya ardhi, na ardhi haikupatikana bila karatasi.

Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia. Haikuwa jimbo hadi Juni 1, 1792. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1779, Virginia iliuza vyeti vya ardhi kwa pauni 40 kwa kila ekari 100. Mwenye cheti aliandikisha kipande alichokitaka, akaitisha mpima ardhi, kisha akasubiri hatimiliki. Hatua nne, na kila moja iliacha maandishi. Hata aliyeshindwa njiani, akauza cheti au akafa kabla ya hatimiliki, jina lake lilibaki katika hatua alizozifikia.

Babu wa Lincoln, aliyekuwa kapteni katika wanamgambo wa Virginia, anaonekana katika hati za pande zote mbili za safari yake. Februari 1780 aliuza ekari 250 kwenye kijito cha Linville huko Rockingham kwa pauni 5,000 za noti za Virginia, ambazo thamani yake ilikuwa imeporomoka vibaya wakati wa vita vya uhuru. Machi 1780 alipata cheti cha ekari 400 za Kentucky kwa pauni 160. Karani alimwandika “Abraham Linkhorn”, kama sikio lake lilivyosikia.

Tahajia hiyo imewapotosha watu wengi, kwa kuwa anayetafuta “Lincoln” peke yake atapita karibu na babu huyo bila kumwona. Makarani wa zamani waliandika majina kwa sauti, na mwenye jina mara nyingi hakuweza kusoma kilichoandikwa ili akisahihishe. Kanuni ya wazoefu ni kulitamka jina kwa kila namna linavyoweza kutamkwa, kisha kulitafuta kwa namna zote hizo.

Hati ya mauzo ya Linville ilitatua na jambo jingine. Kwa sheria za wakati huo mke alikuwa na haki katika ardhi ya mumewe, hivyo mauzo hayakukamilika mpaka yeye naye akubali mbele ya mashahidi. Septemba 1781 Bersheba Lincoln alikubali kuiachia haki hiyo. Kwa miaka mingi waandishi walibishana kuhusu mke wa kapteni huyo alikuwa nani, na wengine walimtaja mwanamke tofauti kabisa. Mistari michache ya mahakama ndiyo iliyomweka Bersheba mahali pake.

Uzito wa mwaka mmoja

Mei 7, 1785, zile ekari 400 zilipimwa kando ya kijito cha Long Run, kaunti ya Jefferson, upande wa mashariki wa mji wa Louisville. Ramani ya mpima ardhi imehifadhiwa. Imechorwa kwa mistari ya moja kwa moja, na kona zake zimetajwa kwa miti iliyokuwapo siku hiyo. Chini yake wametajwa waliosaidia kazi: Josiah Lincoln na Hananiah Lincoln walishika mnyororo wa kupimia, na Abraham mwenyewe alitia alama kwenye miti.

Karatasi hiyo moja inavunja hesabu ya mjukuu. Lincoln aliamini babu yake aliuawa mwaka mmoja au miwili baada ya kufika Kentucky, yaani karibu na 1783 au 1784. Lakini Mei 1785 mzee yu hai, anachonga alama kwenye miti ya shamba lake. Kifo chake kimewekwa Mei 1786. Hivyo Thomas, aliyezaliwa Januari 1778, alikuwa na miaka minane alipoona baba yake akianguka, wala si sita.

Miaka miwili si kitu kikubwa kwa msimulizi, lakini mahakamani ilikuwa na uzito wote. Kwa sheria ya zamani, mtu akifa bila wosia ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza. Virginia ilipitisha sheria ya kuigawa kwa watoto wote mwaka 1785, lakini ilianza kutumika Januari 1, 1787. Kapteni Lincoln alikufa miezi michache kabla ya tarehe hiyo. Ardhi ikaangukia kwa Mordecai, na Thomas akabaki kijana wa vibarua, akihama nyumba hadi nyumba kutafuta riziki. Ule umaskini ambao rais alikuwa akiutaja kila alipoulizwa habari za baba yake una chanzo kinachoweza kuonyeshwa katika kitabu cha sheria.

Mirathi yenyewe ilifikishwa katika mahakama ya kaunti ya Nelson mwaka 1788, na mwaka uliofuata mali ikaorodheshwa: farasi, ng’ombe, bunduki, zana za shamba na za useremala, vyungu vya chuma, kitanda. Kwa mtafutaji wa ukoo orodha kama hiyo ni hazina. Inamwonyesha mzee wake alilala juu ya nini, alipika kwa nini na alilima kwa nini.

Ndoa iliyotafutwa pasipo pake

Abraham Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809, kaunti ya Hardin, Kentucky. Alipokuwa mtu mashuhuri, na zaidi baada ya kifo chake, watu walitafuta hati ya ndoa ya wazazi wake, Thomas Lincoln na Nancy Hanks. Walikwenda Elizabethtown, makao makuu ya Hardin. Huko waliikuta ndoa ya Thomas na Sarah Bush Johnston ya Desemba 1819, yule mama wa kambo aliyeolewa baada ya Nancy kufariki Oktoba 1818. Ndoa ya Nancy haikuwamo. Maneno yakaanza: hawakuoana, mtoto si wa halali. Wapinzani wa Lincoln waliyapokea kwa furaha, na hata baadhi ya marafiki zake walitilia shaka.

Kosa lilikuwa la mahali. Kwa desturi ya nchi ile, ndoa ilifungwa na kuandikishwa kwenye kaunti ya bibi harusi, na Nancy alikuwa akiishi na jamaa wa akina Berry kaunti ya Washington. Mwaka 1878 karani wa mahakama ya huko, W. F. Booker, aliipata hati. Ni dhamana ya ndoa ya Juni 10, 1806, ya pauni 50, yenye saini za Thomas Lincoln na Richard Berry. Ipo pia ripoti ya Jesse Head, mchungaji wa Kimethodisti, aliyewasilisha orodha ya ndoa alizozifungisha. Thomas na Nancy wamo, tarehe 12 Juni 1806. Nancy alikuwa amelala kaburini miaka 60 heshima yake iliporudishwa, na karatasi zilizomrudishia zilikuwa zimekaa muda wote huo katika ofisi ya kaunti jirani.

Kosa hili hurudiwa hata leo, hasa kwa sababu mipaka ilibadilika mno. Mwaka 1780 Kentucky yote ilikuwa kaunti tatu tu: Jefferson, Fayette na Lincoln, hii ya mwisho ikiwa imepewa jina la jenerali Benjamin Lincoln. Kila idadi ya watu ilipokua, kaunti ilikatwa ikazaa nyingine, na karatasi za zamani zikabaki kwa kaunti mama. Familia iliyokaa shamba lilelile miaka 30 inaweza kuwa na hati katika mahakama tatu. Hata mahali alipozaliwa Lincoln sasa si Hardin tena. Pako kaunti ya LaRue, iliyoundwa mwaka 1843. Kabla ya kufungua daftari lolote, mtafutaji aulize kwanza: mwaka huo, mahali hapa palikuwa chini ya nani?

Kuna na karatasi ambazo hazitapatikana kamwe. Juni 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kumbukumbu za kaunti ya Rockingham zilikuwa zikihamishwa kwa mkokoteni zifichwe. Wanajeshi wa Muungano chini ya jenerali David Hunter wakazikuta na kuzitia moto. Zilizonusurika nyingi zina kingo nyeusi za majivu. Jeshi la rais Lincoln liliunguza kumbukumbu za kaunti alikotoka babu yake.

Hadi Hingham

Pengo la Pennsylvania na New England lilizibwa kwa wosia na hati za mauzo. Mordecai Lincoln wa Berks alifariki mwaka 1736 akamwachia mwanawe John ardhi iliyokuwa New Jersey. Mwaka 1748 John aliiuza, na hati ya mauzo inamtambulisha kuwa mwana wa Mordecai huyo. Ni John huyu, baba wa kapteni, aliyehamia Virginia mwaka 1768. Upande wa kaskazini, wosia wa Mordecai mkubwa, mhunzi wa Scituate huko Massachusetts aliyefariki mwaka 1727, unawataja wanawe Mordecai na Abraham, walioondoka kwenda kusini. Baba wa mhunzi huyo alikuwa Samuel Lincoln, kijana mfumaji aliyetoka Norfolk, Uingereza, mwaka 1637 na kukaa Hingham, mji uleule wa Solomon aliyeandika barua mwaka 1848. Samuel Shackford aliichapisha nasaba hiyo mwaka 1887 katika jarida la chama cha nasaba cha New England, kilichoanzishwa Boston mwaka 1845. J. Henry Lea na J. R. Hutchinson waliifuatilia hadi Uingereza katika kitabu chao cha mwaka 1909. Kumbe yale majina yaliyofanana, ambayo Lincoln aliyaona hayatoshi, yalikuwa yakionyesha njia iliyo sahihi. Alikuwa kizazi cha saba tangu Samuel.

Walioachwa nje ya daftari

Ukoo huu umefuatika kwa sababu wanaume wake walimiliki ardhi. Kwa Nancy mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwanamke aliyezaliwa katika familia isiyo na shamba, pengine nje ya ndoa, hakuwa na daftari lililomngoja. Ubishi juu ya mama yake uliendelea zaidi ya karne moja, mpaka mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba vya upande wa mama ulipowalinganisha watu walio hai wanaotokana na ukoo wa Hanks na kuunga mkono kwamba mama yake alikuwa Lucy Hanks.

Ardhi yenyewe nayo ilikuwa na wenyewe. Kentucky ilikuwa eneo la mawindo la Washawnee na Wacherokee, na mikataba iliyotumiwa kuhalalisha makazi mapya haikukubaliwa na wengi wao. Mtu aliyempiga risasi kapteni Lincoln, na ambaye Mordecai alimuua, hana jina katika hati yoyote. Naye alikuwa na wazazi, na pengine watoto.

Jamaa wa Lincoln waliobaki Rockingham walimiliki watumwa. Vizazi vya watumwa hao vikiingia leo kwenye nyaraka hukutana na ukuta. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina yao. Wengi wanatajwa kwa jina katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Kabla ya hapo mjukuu analazimika kupekua mirathi na hati za mauzo za familia iliyowamiliki wazee wake, akitafuta jina la bibi yake katikati ya ng’ombe na majembe. Karatasi zilezile zilizomtukuza mmoja zilimhesabu mwingine kuwa mali, na mtafutaji mwaminifu anapaswa kuzisoma kwa macho yote mawili.

Kwa anayetaka kuanza

Siku hizi nyingi kati ya nyaraka hizi zimepigwa picha. Chama cha nasaba cha Utah, kilichoundwa mwaka 1894 mjini Salt Lake City, kilikusanya mikrofilamu kutoka mahakama na makanisa ya nchi nyingi, na warithi wake wa FamilySearch wanaziweka mtandaoni bure. Wanarekodi pia nasaba zinazosimuliwa kwa mdomo katika nchi kadhaa za Afrika, kazi isiyoweza kungoja kwa sababu masjala hiyo ni kichwa cha mzee.

Utaratibu ni uleule, ukoo uwe wa Kentucky au wa kwingine. Anza na walio hai, na uandike neno kwa neno wanachosema, pamoja na miaka unayoitilia shaka. Uliza shamba lilikuwa wapi na lilipakana na la nani, kwa sababu majirani waliohama pamoja na kuoana watakuongoza pale jina la mzee wako litakapopotea. Uliza wanawake walitoka kwa nani. Kila tarehe ya kumbukumbu itafutie karatasi, na kila karatasi ipimwe kwa kauli ya wazee. Na bahasha ya zamani iliyo chini ya sanduku, yenye risiti za kodi na hati ya kuuziana ng’ombe, usiitupe. Thomas Lincoln alifariki mwaka 1851 bila kumwandikia mwanawe alichokijua, na watafiti walihitaji miongo mingi kukikusanya upya. Kama kwenu bado yuko mzee anayekumbuka, nenda ukamsikilize mwezi huu huu.